Michuki: Waziri aliyezinyoosha matatu, barabara zikabaki zilivyo

MIAKA mingi imepita tangu John Njoroge Michuki azikwe, lakini jina lake bado hutajwa kila ajali mbaya inapotokea nchini Kenya. Mawaziri wa uchukuzi wamekuja na kuondoka, na wengi wao wamesahaulika siku ile ile walipokabidhi ofisi. Yeye peke yake ndiye ambaye jina lake liligeuka kuwa sheria. Hata mtoto aliyezaliwa baada ya 2004 anaposikia Sheria za Michuki, huelewa mara moja kwamba panazungumziwa mikanda ya usalama, mstari wa manjano na abiria 14 ndani ya matatu.

Kwa wakazi wa Bondeni, mmojawapo wa mitaa mikongwe ya Nakuru, habari za maisha yake si hadithi ya Nairobi wala ya Murang'a pekee. Barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Eldoret na Uganda hupita katika jiji lao. Juu yake hupita matatu, mabasi ya masafa marefu, malori ya mafuta na trela za makontena, na kando yake hutembea watoto wa shule, wachuuzi na vibarua. Waziri huyu alifaulu kuwabadilisha watu waliokuwa ndani ya magari. Waliokuwa nje ya magari hakuwafikia, na sababu yake inafaa kueleweka leo kuliko wakati wowote.

Mtoto wa chifu

Michuki alizaliwa Desemba 1, 1932 huko Muguru, Iyego, katika eneo la Kangema, Murang'a. Baba yake, Michuki wa Kagwi, alikuwa chifu wa enzi ya ukoloni mwenye wake wengi na watoto wengi zaidi. Katika boma la namna hiyo, mtoto hakuwa na budi kujitafutia nafasi yake mwenyewe. Michuki alijitafutia yake kupitia shule. Alipita katika Shule ya Upili ya Mang'u, shule iliyowalea viongozi wengi wa Kenya huru, na baadaye akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza.

Alianza kazi katika utawala wa mikoa kabla ya uhuru. Huko alijifunza desturi ambayo hakuiacha hadi kufa kwake: amri hutolewa mara moja, tarehe hutajwa, na tarehe ikifika hakuna mjadala. Baada ya uhuru alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kushika nyadhifa za juu za serikali, akawa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1970, serikali iliponunua hisa nyingi za benki iliyokuwa ya Waingereza na kuunda Kenya Commercial Bank, Michuki aliteuliwa kuwa mwenyekiti mtendaji. Aliiongoza hadi 1979.

Siasa ilifuata. Mwaka 1983 alichaguliwa mbunge wa Kangema. Mwaka 1988, katika uchaguzi wa mlolongo, kiti hicho kilimwendea Joseph Kamotho, hasimu wake wa miaka mingi. Mfumo wa vyama vingi uliporejea, alikitwaa tena 1992 kwa tiketi ya FORD-Asili. Kati ya siasa na benki alijijengea pia utajiri, na hoteli ya Windsor yenye uwanja wa gofu nje kidogo ya Nairobi ndiyo biashara yake iliyojulikana zaidi. Wafuasi wake walimwona kuwa mchapakazi asiyependa maneno mengi. Wapinzani wake walimwita Kimendeero, yaani mwenye kuponda.

Nchi iliyozoea misiba

Muungano wa NARC uliposhinda uchaguzi wa Desemba 2002, Rais mpya mwenyewe alikuwa majeruhi wa barabara. Mwai Kibaki alikuwa amepata ajali Desemba 3 mwaka huo katika barabara ya kutoka Machakos kuja Nairobi. Alipoapishwa Desemba 30 katika bustani ya Uhuru Park, alikula kiapo akiwa juu ya kiti cha magurudumu. Mapema 2003 alimteua Michuki kuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano.

Wizara hiyo ilikuwa na mzigo mzito. Matatu, zilizopata jina lake kutokana na nauli ya awali ya senti 30, yaani mapeni matatu, zilikuwa zimekua bila mwenyewe. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni zilizotakiwa kwa magari mengine ya umma. Kilichoanza kama msaada kwa mnyonge kiligeuka polepole kuwa ufalme usiokuwa na sheria. Abiria walibanwa wanne katika kiti cha watatu. Utingo alining'inia mlangoni. Dereva alilipwa kwa idadi ya safari, na kwa hiyo kila dakika aliyoipoteza ilikuwa pesa iliyotoka mfukoni mwake. Muziki ulilia hadi vioo vikatetemeka. Makundi ya vijana yalitoza ada katika vituo, na polisi barabarani walikuwa na ada yao.

Wananchi walikuwa wamezoea. Magazeti ya Jumatatu yalijaa habari za ajali za Jumamosi na Jumapili, na barabara kati ya Naivasha, Nakuru na Eldoret haikukosa katika orodha hizo. Serikali zilizotangulia zilikuwa zimetoa maonyo na kuunda kamati, na kila mara wenye matatu waligoma siku mbili, abiria wakateseka, na serikali ikalegeza msimamo.

Februari 2004

Oktoba 2003 Michuki alichapisha kanuni mpya katika gazeti rasmi la serikali, Tangazo la Kisheria nambari 161 la mwaka huo. Zilikuwa fupi na zilieleweka na kila mtu. Kila gari la umma lingefungwa kidhibiti mwendo ili lisizidi kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kingekuwa na mkanda wa usalama. Hakuna abiria ambaye angesimama. Gari lingepakwa mstari wa manjano ulioandikwa njia linayohudumu. Dereva na utingo wangevaa sare, wangekuwa na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na wangeajiriwa kwa mshahara wa kudumu badala ya kugawana mapato ya siku.

Kanuni hiyo ya mwisho haikupata sifa sana, ilhali ndiyo iliyogusa mzizi wa jambo. Dereva anayelipwa kwa mwezi hana haja ya kushindana na mwenzake kwa abiria mmoja.

Wenye matatu walilalamika kwamba gharama ni kubwa na muda ni mfupi. Walienda mahakamani, walitishia mgomo, waliomba tarehe isogezwe. Wengi waliamini kwamba waziri angelegea kama waliomtangulia. Februari 1, 2004 ilipowadia, hakulegea. Magari yaliyokuwa hayajatimiza masharti yalizuiwa, na katika miji mingi maelfu ya watu walilazimika kutembea kwenda kazini. Lililowashangaza watawala na watawaliwa ni kwamba watembeao hao hawakumlaani waziri. Wengi walitembea kwa furaha, kwani walijua wanatembea kwa sababu gani.

Baada ya majuma machache hali ilikuwa imegeuka. Abiria alipanda, akakaa kwenye kiti chake, akafunga mkanda, na mwenziwe aliyesahau akakumbushwa na abiria wenyewe. Idadi ya vifo vya barabarani ilishuka katika miezi ya mwanzo. Katika nchi ambapo wengi walikuwa wamekata tamaa kwamba Mkenya hawezi kufuata sheria, Michuki alithibitisha kwamba anaweza, tena kwa siku moja, ikiwa ataona kwamba sheria ni moja kwa wote.

Kilichosahauliwa

Hata hivyo, kanuni hizo zilikuwa na mpaka wake. Karibu zote zilihusu mtu aliye ndani ya gari. Mkanda humlinda abiria. Kiti kimoja kwa mtu mmoja humlinda abiria. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 humlinda abiria wa safari ndefu gari linapopinduka au linapogongana na jingine.

Mtembea kwa miguu hali yake ni tofauti. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anayegongwa na gari lililo katika kasi ya kilomita 50 kwa saa ana hatari ya kufa iliyo chini ya asilimia 20. Kasi ikifika kilomita 80, hatari hiyo hukaribia asilimia 60. Kwa maneno mengine, matatu iliyotii kikamilifu kidhibiti mwendo cha Michuki bado ilikuwa na kasi ya kutosha kumuua mama anayevuka barabara na kikapu chake. Sheria ya trafiki ilikuwa tayari imeweka kikomo cha kilomita 50 ndani ya miji, lakini kidhibiti mwendo hakijui mji unaanzia wapi. Dereva ndiye aliyepaswa kujua, na dereva husoma barabara kabla ya kusoma kibao.

Hapa ndipo linapoingia suala ambalo wahandisi wa miji wamelizungumza sana katika miaka ya karibuni: upana wa leni, yaani ule ukanda wa lami ambao gari moja hupitia. Leni pana humwambia dereva kwamba pana nafasi ya kutosha na kwamba kosa dogo halitamdhuru, naye hukanyaga mafuta bila hata kujua. Leni nyembamba, yenye ukingo wa mawe karibu na watu wanaotembea kando, humfanya akaze macho na alegeze mguu. Hakuna askari aliyemsimamisha. Ni barabara yenyewe iliyomwonya.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa vipande 1,117 vya barabara katika miji saba ya nchi hiyo. Katika barabara za mijini zenye kikomo cha kasi cha kati ya kilomita 48 na 56 kwa saa, leni za futi 12 zilikuwa na ajali nyingi kuliko leni za futi tisa. Upana ule ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa usalama, katikati ya mji uligeuka kuwa hatari.

Mkenya wa kawaida hahitaji chuo kikuu kumfundisha jambo hili. Mtoto anapogongwa mbele ya shule, wanakijiji hufunga barabara kwa mawe na kudai tuta. Mara nyingine hulijenga wenyewe usiku. Hawadai kanuni mpya wala kibao kipya. Wanajua kwamba dereva asiyeogopa faini huogopa kuvunja springi za gari lake.

Usalama wa ndani

Desemba 2005, baada ya serikali kushindwa katika kura ya maoni ya katiba, Kibaki alipanga upya baraza lake na kumhamishia Michuki katika wizara ya usalama wa ndani. Kanuni zake zilibaki katika vitabu, lakini mwenyewe aliyeziamkia kila asubuhi alikuwa ameondoka. Kuanzia hapo zilianza kulegea. Vidhibiti mwendo vilichezewa na mafundi. Mikanda ilichakaa, mingine ikafungwa kwa fundo ili ionekane tu. Vigari vya abiria 14 vilianza tena kubeba 18, kisha 20. Mshahara wa mwezi ulirudi kuwa hesabu ya siku ambayo dereva alitakiwa kumfikishia mwenye gari. Kizuizi cha polisi kiligeuka tena kuwa kituo cha malipo.

Katika wizara mpya, ukali ule ule uliosifiwa barabarani ulionekana kwa sura nyingine. Machi 2, 2006 maafisa waliojifunika nyuso walivamia ofisi na mitambo ya gazeti la The Standard na runinga ya KTN jijini Nairobi, wakachoma magazeti na kuzima matangazo. Michuki aliutetea uvamizi huo hadharani, na akalaumiwa ndani na nje ya nchi. Mwaka 2007, serikali ilipolikabili kundi la Mungiki, lililokuwa likiwatoza ada wenye matatu na kuua waliokataa, polisi walishutumiwa kwa kuwaua vijana bila kuwafikisha mahakamani. Mnamo 2009 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, alitoa ripoti kali kuhusu mauaji ya namna hiyo.

Ni vigumu kuyatenganisha mambo haya mawili katika maisha ya mtu mmoja. Imani yake ilikuwa kwamba watu hunyooka wakiogopa. Imani hiyo ilimpa abiria kiti chake mwaka 2004. Miaka miwili baadaye ilivunja milango ya chumba cha habari. Aidha, utaratibu unaosimama juu ya hofu una kasoro moja ambayo haiepukiki: anayeogopwa akiondoka, huondoka nao.

Miezi mitatu katika Wizara ya Barabara

Mara moja tu katika maisha yake Michuki alikabidhiwa barabara zenyewe, lami na mitaro yake, badala ya watu wanaopita juu yake. Hiyo ilikuwa Januari 8, 2008, Kibaki alipotangaza sehemu ya baraza lake baada ya uchaguzi uliozua utata na kumteua kuwa Waziri wa Barabara na Ujenzi wa Umma.

Siku moja kabla ya uteuzi huo, huko Uholanzi alifariki Hans Monderman, mhandisi wa mkoa wa Friesland ambaye maisha yake yalikuwa kinyume kabisa cha Michuki. Monderman alikuwa ametumia zaidi ya miaka 20 akiondoa vibao, taa na mistari katika vijiji na miji midogo, akiyapunguzia magari nafasi na kuwaongezea watembeao, hadi dereva akalazimika kumtazama mwenzake usoni kabla ya kupita. Michuki aliamini katika amri na adhabu. Monderman aliamini kwamba ukiitengeneza njia ifanane na uwanja wa kijiji, watu wataendesha kama watu walio kijijini. Hakuna dalili kwamba wawili hawa waliwahi kusikiana.

Nafasi ya kujifunza haikuwapo. Mwezi ule Kenya ilikuwa ikiungua. Mwishoni mwa Januari, Nakuru ilikumbwa na mapigano yaliyoua watu wengi na kuwafurusha maelfu, na barabara kuu ya Bonde la Ufa ilifungwa kwa mawe, magogo na magari yaliyochomwa. Waziri wa Barabara hakuwa na barabara ya kupanua wala ya kupunguza. Aprili 2008, serikali ya mseto ilipoundwa, Michuki alihamishiwa Wizara ya Mazingira na Rasilimali za Madini.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kutekelezwa. Sheria hiyo ilizaa mamlaka tatu: KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za mashambani. Taasisi hizo ndizo zilizopewa uwezo wa kuamua leni iwe ya upana gani, kivuko kiwe wapi, na njia ya waendao kwa miguu iwepo au isiwepo. Zilianza kazi wakati waziri aliyekuwa na nguvu ya kuzisukuma alikuwa ameshageukia mito na misitu.

Huko nako hakukaa bure. Kati ya Julai 2008 na Januari 2009 alikaimu pia Wizara ya Fedha. Aliongoza juhudi za kuusafisha Mto Nairobi, akaondoa taka na vibanda kando ya maji karibu na mzunguko wa Globe, na kupanda miti. Sehemu hiyo leo ni bustani ya umma yenye jina lake. Alifariki Februari 21, 2012 jijini Nairobi akiwa bado waziri, akiwa na umri wa miaka 79.

Salgaa na mafunzo yake

Miaka mitano kasoro siku moja baada ya kanuni za Michuki kuanza kutumika, yaani Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, magharibi mwa Nakuru. Wananchi walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mteremko huo wa Salgaa, Sachangwan na Migaa uliendelea kuua. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakapoteza maisha.

Serikali ilipiga marufuku kwa muda safari za usiku za mabasi, ikaongeza maafisa, ikatoa maonyo. Lakini hatua iliyodumu ilikuwa ya mhandisi. Mwaka 2018 KeNHA iliweka ukingo wa zege kutenganisha magari yanayopanda na yanayoteremka katika sehemu hiyo. Dereva aliyetaka kulipita lori kwa kuingia upande wa wenzake alikuta ukuta. Mfanano na leni nyembamba ni dhahiri: katika hali zote mbili dereva ananyimwa nafasi ya kufanya kosa, badala ya kusubiriwa alifanye ndipo aadhibiwe. Magari kugongana ana kwa ana katika mteremko huo kulipungua. Ukuta hauna zamu ya usiku na ya mchana, wala hauna mfuko wa kutilia kitu kidogo.

Mwaka huo huo, Oktoba 10, basi lilitumbukia bondeni Fort Ternan, kaunti ya Kericho, na kuua zaidi ya watu 50. Mwezi uliofuata, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i alitangaza kurejeshwa kwa Sheria za Michuki kuanzia Novemba 12. Kwa majuma machache abiria walifunga tena mikanda, na waliokosa gari wakatembea tena. Kisha, kama ilivyokuwa awali, mambo yakalegea. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, imeripoti vifo zaidi ya 4,000 kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024. Kundi kubwa zaidi miongoni mwa waliokufa ni watembea kwa miguu.

Barabara inayokuja

Nchini Kenya barabara inapotajwa kuwa mbaya, dawa inayotolewa kwa kawaida ni kuipanua. Barabara ya Thika ilipanuliwa hadi leni nane na kufunguliwa 2012, mwaka aliokufa Michuki. Ilipunguza msongamano, lakini watu wengi wanaoishi kando yake walikufa wakijaribu kuivuka. Kinyume chake kilijaribiwa katikati ya Nairobi mwaka 2019, pale Luthuli Avenue ilipofanywa kuwa ya upande mmoja, nafasi ya magari ikapunguzwa na njia ya waendao kwa miguu ikapanuliwa. Waliobishana kwamba biashara ingekufa walisahau kwamba mnunuzi wa Luthuli huja kwa miguu.

Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, inakabiliwa na uamuzi kama huo. Mwishoni mwa 2025 ulizinduliwa ujenzi wa kupanua barabara kuu kutoka Rironi kupitia Naivasha na Nakuru hadi Mau Summit. Kati ya mji na mji, barabara pana yenye ukingo katikati itaokoa maisha ambayo yamepotea kwa miaka mingi katika njia ya leni mbili. Hakuna anayeipinga hoja hiyo kwa haki. Lakini gari lililozoea kasi ya barabara kuu halivui kasi hiyo kama kofia linapoingia mjini. Hapo ndipo leni zinapohitaji kupunguzwa, vivuko kuinuliwa na waendao kwa miguu kupewa njia yao, iwe ni katika Kenyatta Avenue au katika njia zinazounganisha katikati ya jiji na mitaa kama Bondeni, Kivumbini na Flamingo, ambako matatu, tuktuk, bodaboda, mikokoteni na watoto hugombania ukanda mmoja wa lami.

Msiba wa Londiani wa Juni 30, 2023 ulionyesha bei ya kuyachanganya mambo haya mawili. Lori lilipoteza mwelekeo katika makutano yaliyojaa magari ya abiria na wachuuzi kando ya barabara kuu, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hakuna mkanda wa usalama ambao ungemfaa mtu aliyekuwa amesimama akiuza mboga.

Hilo halipunguzi heshima ya Michuki. Alikuta nchi ikiamini kwamba vifo vya barabarani ni kudra, akaionyesha kwamba ni uzembe, na uzembe una dawa. Kabla yake, waziri aliyewagusa wenye matatu alihesabiwa kuwa amejitafutia makuu. Baada yake, kila waziri hupimwa kwa kipimo chake. Alichokiacha bila kukamilisha ni sehemu ya kazi ambayo haihitaji waziri mkali, bali mhandisi mwenye rula, diwani anayesikiliza watu wake na bajeti inayomhesabu mtembea kwa miguu kuwa mtumiaji wa barabara. Sheria yake ilihitaji mtu wa kuisimamia kila siku, na mtu huyo alikufa. Leni iliyopunguzwa leo mbele ya shule itaendelea kuyapunguzia magari mwendo hata baada ya aliyeichora kustaafu na jina lake kusahaulika.